Jinsi ya kuwa mchongaji wa sanamu kubwa za bronzi zinazosimama hadharani, na kuishi kwa kazi hiyo

Watu wengi wakisikia sanamu ya bronzi kinachowajia kichwani ni moto tu, cheche zinaruka, watu wamevaa aproni za ngozi wanamimina metali inayowaka, na ndo maana wanaoanza wanakimbilia kujifunza kuyeyusha kwanza. Mi nakwambia kabisa sanamu ya hadharani mara nyingi haiharibikii motoni, inaharibikia kwenye udongo na kwenye mkataba. Moto unakuja mwishoni, tena unafanywa na watu wengine ambao wameufanya miaka na wewe hutawafikia. Kwahiyo nitaenda kwa mpangilio wa maisha ya kazi yenyewe, kuanzia kujifunza mpaka sanamu imesimama, na pale penye mambo mengi nitakaa zaidi.

Kujifunza: anza na kichwa cha mtu

Usianze na farasi, usianze na shujaa ameinua mkono juu. Tafuta mtu akae mbele yako, chukua udongo, tengeneza kichwa chake saizi halisi, ukimaliza kivunje utengeneze kingine. Nunua kalipa, ile ya kupimia umbali, pima toka sikio hadi pua, toka kidevu hadi nyusi, upana wa fuvu pale nyuma ambapo kila anayeanza anapafanya padogo (ni kweli, angalia vichwa vya wanafunzi wote, uso mzima umekaa vizuri af nyuma kisogo hakipo). Chora pia, chora sana, hasa mifupa na misuli, maana nguo zinalala juu ya mwili na kama mwili chini haupo koti litaonekana tu kama limetundikwa.

Shule ya sanaa ni nzuri ukiipata, ila usiifanye sababu ya kutokuanza. Rodin, mchongaji maarufu wa Ufaransa, aliomba kuingia shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts kule Paris mara 3 na wakamkataa mara zote 3, akaishia kufanya kazi kwa wachongaji wengine na kutengeneza mapambo ya majengo kwa miaka mingi, na ile sanamu yake ya mwanaume aliye uchi, The Age of Bronze, ilipooneshwa mwaka 1877 akiwa na miaka 36 ndo watu wakaanza kumsema, tena kwa ubaya, walidai amebandika plasta kwenye mwili wa mtu hai ndo akapata moldi, yaani kalibu la kunakilia umbo. Mwingine ni Augustus Saint-Gaudens wa Marekani, yeye alianza na miaka 13 kama mwanagenzi wa fundi wa kuchonga vito vidogo vya nakshi, kazi ya kukodolea macho kitu cha sentimita chache kutwa nzima, na ukija kuangalia mnara wake wa kumbukumbu ya afisa Robert Gould Shaw na askari weusi wa Massachusetts pale Boston utaona ule ujuzi wa nakshi umejaa mle, zile nyuso za askari nyuma ya farasi kila mtu ni mtu wake.

Kama ukiniuliza sehemu moja tu ya kwenda kufanya kazi ukiwa mchanga, nitakwambia faundri, karakana ya kumimina metali, na ndani ya faundri omba uwekwe idara ya nta (sanamu inatengenezwa kwanza kwa nta, af metali inakuja kuchukua nafasi ya nta). Pale unapokea kazi za wachongaji tofauti tofauti, unarekebisha nta zao, unaona nani anaacha mashimo, nani kazi yake haitoki kwenye moldi, nani vidole vyake vyembamba mno metali haitafika. Ni elimu ambayo darasani huipati, na juu yake unalipwa.

Utakula nini kabla ya sanamu ya kwanza kubwa

Oda ya mnara haiji kila mwaka, na kwa mtu mpya inaweza isije kwa miaka. Wanaodumu kwenye hii kazi karibu wote wana kazi ndogo zinazowalisha: vichwa vya watu binafsi, vibao vya nakshi vya ukutani, medali, sanamu ndogo za wanyama, ukarabati wa sanamu za zamani, kufundisha. Sanamu ndogo unaiuza kwa toleo lenye idadi, mfano nakala 8, na kila moja unaipiga namba, 1/8, 2/8 hivyo hivyo, na ukishasema 8 basi ni 8. Nchini Ufaransa utaratibu unaojulikana ni nakala 12 kwa jumla, 8 zenye namba na 4 za msanii, zaidi ya hapo haihesabiwi tena kuwa kazi halisi. Danganya kwenye namba uone mnunuzi wako wa kwanza atakavyokusema kwa wenzake.

Cha muhimu hapa ni kwamba usitoe hela yote ya sanamu ya kwanza iliyouzwa ukaila, maana faundri inataka amana kabla haijagusa kitu, na nakala ya pili inalipwa na ile ya kwanza.

Modeli na kamati

Oda za hadharani nyingi zinapitia kamati, ama kwa mashindano ama wanaalika wachongaji wachache. Hatua ya kwanza wanaangalia picha za kazi zako, ya pili wachache mnaombwa modeli, yaani sanamu ndogo ya mfano, kitu cha sentimita 30 hadi 60 hivi. Modeli ni kazi, iombee malipo. Kamati inayotaka modeli kamili bure kutoka kwa watu kumi ni kamati itakayokusumbua huko mbele pia, mi ningeipita.

Kwenye modeli usihangaike na vifungo vya shati. Hangaika na umbo la nje, ule mstari unaouona sanamu ikiwa nyeusi tupu dhidi ya anga, maana hivyo ndivyo watu watakavyoiona muda mwingi, kwa mbali, jua likiwa nyuma yake. Askari wa Dar es Salaam, aliyesimamishwa mwaka 1927, humjui kwa sura yake, unamjua kwa vile alivyoinama mbele na bunduki yenye singe. Weka modeli yako dirishani mwanga ukiwa nyuma, simama mbali, kama huelewi anafanya nini rudi mezani.

Halafu izunguke. Piga picha kila pembe, na kamera uishushe chini kwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama chini ya msingi unaobeba sanamu, kwasababu kwenye meza unaiangalia modeli kwa juu na hakuna atakayeiona vile kamwe isipokuwa ndege. Mwaka 2023 pale Boston ilizinduliwa The Embrace, sanamu kubwa ya bronzi ya mikono tu ya Martin Luther King na mkewe Coretta wakikumbatiana, kutoka kwenye picha maarufu, na mitandaoni wiki nzima watu walikuwa wanasambaza pembe moja ambayo inaonekana kitu kingine kabisa. Mi binafsi wazo lenyewe nalipenda, ila ndo ujue umma unachagua pembe wenyewe, haukuulizi.

Na kufanana sasa. Ukichonga mtu anayejulikana, watu wataanza na uso na wakikuta si yeye hawaendi kwingine. Kile kichwa cha Cristiano Ronaldo uwanja wa ndege wa Madeira, 2017, dunia nzima ilicheka, na mwaka uliofuata kikaondolewa kikawekwa kingine. Kama mtu amekufa na una picha chache, zikusanye zote af zipange kwa umri, chagua umri mmoja ukae nao, usichanganye mashavu ya miaka 25 na paji la miaka 50. Picha iliyopigwa karibu inakuza pua na kupunguza masikio, iliyopigwa kwa lenzi ndefu inabapisha uso, kwahiyo usiamini picha moja. Tafuta ndugu zake, mara nyingi kuna mtu kwenye ukoo ana fuvu lilelile, mwombe akukalie. Tafuta nguo zake halisi kama zipo. Na muulize aliyemfahamu alikuwa anasimamaje, uzito aliuweka mguu gani, hilo ndo litakupa mtu kuliko pua.

Mkataba, soma mara mbili

Hapa ndo wengi wanapoumia. Malipo yaende kwa hatua: kusaini, modeli kukubaliwa, udongo kamili kukubaliwa, kumimina, kusimamisha. Kila hatua kamati iweke saini, na baada ya saini mabadiliko yanalipiwa, kwasababu lazima atakuja mtu ambaye hakuhudhuria vikao vyote af aseme kofia ivuliwe, na kama udongo ulishasainiwa na moldi imeshatengenezwa hiyo kofia ni ghali sana. Bei ya metali inapanda na kushuka, weka kifungu cha kusema ikipanda kupita kiasi fulani nani analipa tofauti. Nani anajenga msingi? Nani anakodi kreni? Bima ni ya nani sanamu ikiwa barabarani kwenye lori? Hakimiliki ni ya nani, na wakitaka kuuza vikombe na fulana zenye picha yake je? Na wakitaka kuihamisha, au kuweka kitu kingine pembeni yake?

Hilo la mwisho sio la kubuni. Arturo Di Modica alitengeneza fahali wake wa bronzi wa zaidi ya tani 3 kwa hela yake mwenyewe akaenda kumwacha usiku mbele ya soko la hisa la New York, Desemba 1989, bila kibali cha mtu, fahali akaondolewa siku hiyohiyo, kelele zikawa nyingi akapata nafasi kwenye bustani ya Bowling Green na hadi leo yupo. Mwaka 2017 ikawekwa mbele yake sanamu ya msichana mdogo amesimama mikono kiunoni, na ghafla fahali aliyekuwa ishara ya nguvu akageuka mnyanyasaji, Di Modica akalalamika kwamba wamebadilisha maana ya kazi yake, na mwaka 2018 msichana akahamishwa. Unaweza kuwa upande wowote kwenye ule ugomvi, ila ona jinsi eneo linavyochonga sanamu upya bila patasi.

Kuhusu muda, usijilinganishe na wakubwa. Saint-Gaudens alikaa na ule mnara wa Shaw kuanzia 1884 mpaka 1897. Rodin alipewa oda ya sanamu ya mwandishi Balzac mwaka 1891, akaionesha plasta yake 1898, chama cha waandishi kilichoagiza kikaikataa, akarudisha hela akaichukua sanamu yake nyumbani, na Paris ikaja kuisimamisha kwa bronzi mwaka 1939 wakati mwenyewe ameshakufa toka 1917. Hadithi nzuri sana kuisoma, ila wewe ukichelewa hivyo mkataba utakukata.

Na kabla hujasaini jiulize huyo unayemchonga ni nani na alifanya nini. Sanamu ya bronzi ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa, ilisimama Bristol, Uingereza, toka 1895, na tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliishusha kwa kamba wakaiburuta na kuitumbukiza bandarini. Hela ya oda inaisha, jina lako pale chini ya kisigino linabaki.

Udongo mkubwa

Sasa unaingia studio. Saizi halisi ya mtu nje inaonekana ndogo, anga inaila, kwahiyo sanamu nyingi za hadharani zinakuzwa mara 1.25 hadi 1.5 ya mtu, au zaidi kama msingi ni mrefu. Kumbuka hesabu hii, ukiongeza urefu mara 2 eneo la ngozi linaongezeka mara 4, na bronzi ni ngozi tu, ndani ni tupu, kwahiyo metali na gharama zinapanda mara 4 hata kama unene ni uleule. Wateja hawajui hili, waambie mapema kabla hawajasema "ongeza kidogo".

Kukuza zamani walitumia mashine za nukta, za kuhamisha vipimo nukta kwa nukta toka kwenye modeli, siku hizi modeli inaskaniwa, kompyuta inakata povu gumu saizi kamili, af unapaka juu yake udongo wa sentimita moja au mbili. Hamna ubaya na hiyo, inaokoa miezi, ila usikabidhi faundri ile povu iliyopakwa kama ilivyotoka. Kitu kilichokuwa kizuri kwenye sentimita 40 kikiwa mita 3 kinakuwa laini na kitupu, mikunjo ya nguo inahitaji kuchongwa kina zaidi, macho yatiwe kivuli, na sehemu ya juu ikuzwe kidogo maana kutoka chini kichwa kinaonekana kimepungua.

Kama unajenga kwa njia ya zamani basi kiunzi, ile mifupa ya ndani inayobeba udongo, ndo kila kitu. Bomba la chuma lililochomelewa kwenye bamba, nondo za mikono na miguu, na kwenye kila sehemu nzito unaning'iniza vipepeo, yaani vipande viwili vya mbao vilivyofungwa msalaba kwa waya, vinashikilia udongo usiteleze. Watu wanadharau vipepeo mpaka siku paja lishuke usiku. Udongo wa maji ni mtamu na wa bei rahisi ila unaukalia kama mgonjwa, vitambaa vya maji, plastiki, kila siku. Plastilini, ule wa mafuta, haukauki, unaweza kuondoka wiki ukarudi ukaendelea, ila ona hapa: plastilini nyingi zina salfa, na mpira wa silikoni wa kutengenezea moldi, ule wa aina ya platinamu, ukigusa salfa haugandi, unabaki unanata kama asali juu ya kazi yako ya miezi. Uliza isiyo na salfa, au jaribu kipande kidogo kwanza.

Kamati ikija kuangalia udongo, taa ziwe juu kama jua, sio taa za pembeni za kupendeza.

Moldi, nta, ganda

Nitapita haraka kwenye moldi. Unapaka mpira wa silikoni tabaka kwa tabaka, nje unaweka ganda gumu la plasta au faiba lililogawanywa vipande vyenye funguo za kuingiliana. Sanamu kubwa inakatwa sehemu nyingi, kichwa, mikono, kiwiliwili mara mbili tatu, na mahali pa kukata uchague wewe sio faundri, pitisha mkato kwenye mstari wa mkanda au pindo la koti, usikate shavu.

Kutoka kwenye moldi inatoka nta, unene kama milimita 5 au 6, na huo ndio utakuwa unene wa bronzi. Nenda faundri ukaishike kila nta. Hii ndo nafasi ya mwisho ya bei nafuu, mstari wa mshono unaofutwa kwenye nta kwa dakika chache kwenye metali ni nusu siku ya grinda. Watu wa nta wataweka mirija: kikombe cha kumiminia, njia za kupitisha metali, na matundu ya kutoa hewa, kwasababu hewa ikinaswa juu ya pua basi pua haitakuwepo.

Kisha nta inachovywa kwenye uji wa silika (madini ya mchanga) na kunyunyiziwa mchanga wake, inaachwa ikauke, inachovywa tena, tabaka nane tisa hivi mpaka ganda linafika kama sentimita moja. Nta inatolewa kwa joto kali la ghafla, na sababu ina akili yake, nta ikipashwa polepole inatanuka na kupasua ganda kabla haijayeyuka, ikipigwa joto kali ile ya juu inayeyuka kwanza na kuacha nafasi. Vumbi la silika ndo adui mkubwa kuliko moto, linakaa kwenye mapafu na silikosisi haina dawa ya kuirudisha nyuma, vaa barakoa yenye filta nzuri kila unapovunja ganda au kufagia. Yaani usifagie pakavu kabisa, lowesha.

Moto wenyewe

Bronzi ya jadi ni shaba kama asilimia 90 na bati asilimia 10. Faundri nyingi za sanamu siku hizi zinatumia bronzi ya silikoni, shaba asilimia 95 hivi na silikoni karibu 4 (elementi yenyewe, sio ule mpira wa moldi), inatiririka vizuri na inachomeleka kirahisi. Inamiminwa kwenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, ganda likiwa bado la moto ili metali isishtuke na kuganda njiani. Sheria moja usiivunje: maji na metali iliyoyeyuka havikutani. Tone moja linageuka mvuke papohapo na kurusha metali, hata sakafu ya zege ina unyevu ndani yake na ikimwagikiwa inapasuka, ndo maana chini panawekwa mchanga mkavu. Mgeni asiye na kazi akae nje, na wewe mchongaji siku hiyo ni mgeni.

Benvenuto Cellini, mchongaji wa zamani wa Italia, anasimulia mwenyewe kwamba alipokuwa anamimina Perseus wake, ile iliyozinduliwa Florence mwaka 1554, metali ilianza kuganda akatupia ndani sahani na vyombo vya nyumbani vyenye bati mpaka ikatiririka. Cellini alikuwa mtu wa kujisifu, ila kikemia inaeleweka, bati inashusha kiwango cha joto la kuyeyukia. Usijaribu.

Ikipoa bronzi inasinyaa kama asilimia 1.5 hadi 2, kwenye sanamu ya mita 3 hiyo ni sentimita 4.5 hadi 6 zimepotea. Kama kuna kitu halisi cha kuingia pale, mkuki au miwani, hesabu hilo toka kwenye udongo.

Kuchomelea, kupasua, kupaka

Ganda linavunjwa, mirija inakatwa, vipande vinapigwa mchanga na kuchomelewa, na fimbo ya kuchomelea iwe mchanganyiko uleule wa metali, la sivyo mwaka ujao kila mshono utaonekana kwa rangi tofauti. Fundi wa kumalizia anarudisha alama za vidole vyako pale alipochomelea, kwa patasi ndogo na grinda, na huyu ndo mtu wa kumheshimu kuliko wote, kaa naye, mwoneshe picha za udongo wako. Akiwa hajui ulitaka nini atalainisha kila kitu.

Patina, yaani rangi ya juu ya bronzi inayotokana na kemikali, inapigwa kwa metali ya moto, tochi ya gesi mkono mmoja na brashi mkono mwingine. Nitrati ya chuma inatoa kahawia inayoelekea nyekundu, nitrati ya shaba inatoa kijani na bluu, na salfaidi ya potasiamu inatia weusi. Moshi wake ni mbaya, fanya penye hewa na barakoa ya kemikali. Ushauri wangu ni kwamba usiipake nyeusi sana, faundri zinapenda weusi kwasababu unaficha, lakini sanamu nyeusi kivulini haina uso. Mwisho inapakwa nta ikiwa bado na joto.

Kusimamisha na kinachofuata

Ndani ya miguu weka fito za chuma cha pua zinazoshuka kwenye msingi, zigandishwe kwa epoksi. Chuma cha kawaida usiweke kabisa kikagusana na bronzi, metali mbili tofauti pamoja na maji zinakulana, Sanamu ya Uhuru ya New York ambayo ngozi yake ni shaba juu ya kiunzi cha chuma ilikula mifupa yake hivyo mpaka ikabidi ikarabatiwe kwa ukubwa miaka ya 1984 hadi 1986. Toboa matundu madogo sehemu za chini kabisa maji yatoke. Mhandisi apige hesabu ya upepo, na juu ya upepo ahesabu vijana watatu wamening'inia kwenye mkono ulionyooka, kwasababu watakuja, hasa timu ikishinda. Mchongaji Mfaransa Falconet kwenye farasi wake wa Peter Mkuu kule St Petersburg, 1782, alimsimamisha farasi kwa miguu miwili ya nyuma, na mkia ukashika nyoka anayekanyagwa, kumbe nyoka ndo nguzo ya tatu. Tafuta nyoka wako kwenye utunzi, usisubiri mhandisi akuletee bomba.

Watu watashika. Mguu wa Mtakatifu Petro wa bronzi pale Vatikani umelika vidole kwa mikono ya mahujaji, na sanamu ya Juliet ya Verona ilichakaa kwa kushikwa kifua mpaka 2014 ikaingizwa ndani na nje ikawekwa nakala. Kinachofikiwa na mkono kifanye kinene. Wezi nao wapo, sanamu ya Henry Moore ya tani 2 iliibiwa Uingereza Desemba 2005 na polisi waliamini iliishia kuyeyushwa kama chuma chakavu.

Mwenye sanamu mpe karatasi ya matunzo: kuosha kwa maji na sabuni isiyo kali, kukausha, kupaka nta mara moja kwa mwaka, na karibu na bahari mara mbili, chumvi ikiingia inaota unga wa kijani hafifu unaotoboa metali, usiuchanganye na ule ukijani mzuri wa uzee. Andika na marufuku za brashi ya waya na polishi ya shaba, maana kuna mlinzi mwema mahali fulani atataka kuing'arisha siku ya sherehe.

Mwisho moldi. Zihifadhi penye giza na ubaridi ndani ya ganda lake la nje, mpira ukiachwa wazi unajipinda, na baada ya miaka kadhaa haufai hata hivyo. Kama mkataba unasema sanamu ni moja tu duniani, vunja moldi mbele ya mteja na mpige picha. Kama una haki ya nakala ndogo, skani modeli yako ihifadhiwe sehemu mbili, andika umeshamimina ngapi na zimebaki ngapi, na familia yako ijue karatasi hiyo iko wapi. Rodin aliipa serikali ya Ufaransa kazi zake na haki za kumimina mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kufa, ndo maana hadi leo inajulikana nani ana ruhusa ya kumimina na nani anaghushi.